Bampa Pacha

Baba yao alianza kwa kunyoosha mabampa ya malori yaliyopinda, uani nyuma ya nyumba, huku mama akilalamika kwamba nguo za kwenye kamba zinanuka moshi wa kuchomelea. Alipofariki, mwanawe wa kiume alishika usukani, binti akakaa ofisini, na mume wa binti, ambaye mafundi walimwita Rula kwa kupenda kwake kupima, akawa mkuu wa karakana. Ua ukawa banda, banda likawa kiwanda chenye mashine ya kukunja bati na tanuri la kukaushia rangi. Walitengeneza mabampa, madigadi ya kukinga tope, ngazi za kupandia na masanduku ya zana yanayofungwa ubavuni mwa lori. Bampa lao jipya, lenye mikunjo miwili kama nyusi, ndilo lililowatoa.

Kisha bampa hilo likaanza kuonekana kwenye malori ambayo hayakuwahi kukanyaga kwao.

Kaka mtu aliliona la kwanza barabarani, la pili kwenye foleni ya mizani. Mikunjo ileile, kona zilezile, ila bati jepesi na nyuma hakuna chapa. Aliingia ofisini, akafunga mlango, akaketi kwenye pembe ya meza ya dada yake.

"Mchoro umetoka humu ndani," alisema. "Na wanaoujua ni watatu tu. Mimi si mwizi. Na wewe, mdogo wangu, si mwizi."

Hakumalizia. Hakuwa na haja.

Dada alimtetea mumewe, lakini kwa sauti ndogo, na mwenyewe aliisikia ilivyokuwa ndogo. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka alimkumbusha, akaondoka zake.

Neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Rula alikuwa mtu wa maneno machache tangu enzi za uchumba. Sasa ukimya wake ukawa ukimya wa mtu anayeficha. Simu ikiita akatoka nje kuipokea, kwa sababu ya kelele za grenda kama siku zote, mkewe alisogea dirishani. Akichelewa kurudi aliulizwa kapitia wapi, na jibu lake likageuzwageuzwa kama samaki anayetafutwa miba. Asubuhi moja, Rula akiwa bafuni, mkewe alifungua mkoba wake wa kazini. Futi ya kukunja, chaki, glovu, miwani. Akarudisha kila kitu. Kesho yake akapekua tena, halafu akahamia mifuko ya koti. Hakuona kitu, na kutoona kitu hakukumpa amani: mwizi mjanja, alijiambia, haachi alama.

Karakanani nako hewa ilichafuka. Kaka alihamishia michoro chumbani kwake, akawa anampa shemeji yake kazi za madigadi tu. Mafundi hawakuambiwa lolote, kwa hiyo walijua kila kitu. Utani wa saa ya chai ulikatika Rula alipokaribia. Mama yao aliyaona hayo kutoka barazani, akasema tu kwamba chuma huliwa na kutu yake mwenyewe.

Hali ikawa hivyo mpaka lilipoingia lori lililogongwa, likiwa na moja ya yale mabampa ya kuiga. Dereva alitaka libadilishwe. Dada alitoka kuchukua maelezo, akainama, akaganda. Tundu la taa ya ukungu, upande wa kushoto, lilikuwa limeshuka kuliko la kulia.

Kosa lile alilijua. Katika mabampa yao yote lilikuwa kwenye moja tu, la kwanza kabisa la majaribio. Rula alitaka likatwe liwe chakavu. Kaka alikataa, maana alikuwa na haraka ya kumpelekea mfano mfanyabiashara wa vipuri aliyemwahidi oda kubwa. Dada mwenyewe ndiye aliyelifunga kwa maboksi. Oda haikuja. Yule bwana alikuwa ameliiga bampa, pamoja na kosa lake.

Alimwita kaka yake, akamwonyesha kwa kidole. Kaka alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

"Nilimfikiria yule bwana," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza."

"Lakini ukaja ofisini kwangu."

"Mimi ndiye mkubwa. Ningesemaje kwamba nimelipeleka kwa mikono yangu?"

Jioni, Rula akifungua kamba za buti, mkewe alimweleza habari za tundu. Kisha akamweleza na habari za mkoba.

"Najua," Rula alisema. "Miwani huwa naiweka vioo vikitazama juu. Ukimaliza wewe, vinatazama chini. Nikaanza kuuacha wazi, usihangaike na zipu."

Alisema hivyo bila ukali, akaenda kunawa. Mkewe aliuokota mkoba, akaufunga zipu. Afadhali angefokewa.

Kaka aliwakusanya mafundi, akakiri kwamba mfano ulitoka kwa mkono wake, akamwomba shemeji yake radhi. Rula alimpa mkono. Walichora bampa jingine, na safari hii chapa ikagongwa mbele, mahali pa kuonekana. Kazi ziliongezeka hadi wakafungua karakana ya pili upande wa pili wa mji, na kaka akamwomba Rula akaisimamie. Rula alikubali kwa sharti moja: katika ofisi ya huko asikae mtu wa familia.

Mkewe alilisikia sharti hilo kutoka kwa kaka yake. Hakumwuliza mumewe sababu. Alitafuta karani wa karakana mpya, akamfundisha kazi, akamkabidhi funguo.