Mtu Mmoja, Uwanja Mzima

Nilipojitwika kikapu, kicheko kilikatika ukumbini. Mpaka hapo nilikuwa nimewapa watu wa Dabani walichokuja kukitafuta: mechi nzima ndani ya mtu mmoja. Nilikuwa refa mwenye kitambi, nikawa winga wa Tororo, nikawa Ikiring, fundi baiskeli anayeshangilia hadi kofia inamdondoka. Sasa nilikuwa mwanamke anayepita njia yake.

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu mwaka ule wa 1964. Mechi ikichezwa Jumamosi, Jumapili baada ya misa niliwaigizia wale ambao hawakuiona. Redio zilikuwa za wachache, na hazikuujua uwanja wetu. Mimi nilikuwa na mdomo, miguu, na viatu vya kuazima.

Wiki hiyo walikuja kumcheka Rasto Maloba, golikipa wetu, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Tulikuwa sare na Tororo, mechi inakwisha, mpira mlegevu ukamwendea. Rasto akajitenga kando, akageuza uso, ukapita. Kisha, mbele ya umati wote, akalia.

"Mwanaume gani nalia juu ya mpira?" Ikiring alipiga kelele kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Mumpe gomesi avae!"

Wanaume wakalidaka neno hilo la gauni la kike wakaenda nalo vilabuni. Kabla jua halijazama lilikuwa limemfikia baba yake Kevina, mchumba wa Rasto. Mzee akasema ng'ombe wa mahari waje wachukuliwe, yeye hamwozi binti yake kwa mtu wa machozi.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na goli, na niliona alichokiona Rasto. Mama Benedeta, mama yake Kevina, alikuwa anatoka sokoni Busia na kikapu chake cha samaki, akakatiza kona ya uwanja kwa njia yake ya siku zote, akatokea mbele ya Rasto ana kwa ana. Kwetu mtu hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Unampisha na kugeuka, hata nyumba ikiwa inaungua. Mwili wa Rasto ulitimiza adabu kabla kichwa hakijakumbuka mpira.

"Si uwaambie?" nilimsihi Rasto asubuhi ile ya Jumapili.

"Niseme mama mkwe ndiye ametuponza? Afadhali waniite mwanamke."

Basi nilitembea jukwaani na kikapu, taratibu, kidevu juu, bila kutaja jina la mtu. Nikakitua, nikakimbilia golini, nikawa Rasto. Nikaona, nikapisha, nikageuza uso. Nikarudi kuwa Ikiring, "Mwanaume gani nalia?", na safari hii hakuna aliyecheka, hata Ikiring mwenyewe pale benchi la mbele.

Kulia nilikuwa nimepanga kuigiza tu. Haikuhitajika. Nilimhurumia rafiki yangu mno, nikajihurumia na mimi, niliyemzika baba yangu kwa macho makavu kwa sababu wajomba walikuwa wananitazama. Machozi yalikuja yenyewe.

Benchi likakwaruza upande wa wanawake. Mama Benedeta alikuwa amesimama. Rasto, aliyekuwa akichungulia dirishani, aligeuka upesi akaupa ukumbi mgongo.

"Chrispinus," Mama Benedeta akaniita, "hiyo kikapu ni yangu." Kisha akamgeukia mumewe. "Goli hiyo si Tororo walifunga. Ni mimi nilifunga. Huyu mtoto nalinda heshima yangu mbele ya watu, na wewe nasema ng'ombe zake zirudi?"

Mzee alikohoa. Akatazama viatu vyake, akatazama dari, akasema kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe wameshazoea malisho ya kwake. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ikiring alicheka kuliko wote, akajifuta macho kwa kofia, akalaumu vumbi.

Jumamosi iliyofuata Rasto alisimama golini. Mama Benedeta alizunguka mbali, kupitia kwenye mihogo, jua likimwakia na kikapu kichwani. Alipofika upande wangu aliniita kwa mkono.

"Goli yetu iko salama?"

"Iko salama, Mama."

Akakitengeneza kikapu, akaenda zake bila kugeuka.