Boti Iliyogoma Kwenye Sabini

Kwa mara ya saba boti ilifika kilomita sabini kwa saa, ikagoma. Fundi Saa alisukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, injini ikanguruma kwa silinda zake zote nane, lakini mshale wa mwendo ukabaki palepale kama umepigwa msumari. Pua ya boti ikainama, ikachota maji ya ziwa na kumrudishia usoni.

"Sabini!" alimpigia kelele shemeji yake, aliyeketi kando yake kang'ang'ania ukingo. "Sabini tena!"

"Sabini si haba," shemeji akajibu huku akijipangusa. "Pikipiki yangu hiyo sabini inaisikia tu kwa wenzake."

Fundi Saa hakucheka. Boti hii ilitengenezwa kukimbia mia na kumi, na yeye mwenyewe aliwahi kuiona ikifanya hivyo. Alikuwa kijana wakati huo, kasimama ufukweni siku ya mashindano, akaiona ikipita, nyekundu, nyuma yake maji yamesimama kama ukuta. Miaka mingi baadaye, tayari bingwa wa kutengeneza saa katika kibanda chake cha kioo, aliikuta boti ileile imetupwa nyuma ya hoteli iliyofungwa, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Akaikokota kwa trela hadi nyumbani, akaiweka uani juu ya stuli mbili, kati ya mlango wa jiko na kamba za kuanikia nguo.

"Hii itakaa hapa mpaka lini?" mkewe aliuliza.

"Miezi sita."

Ilikuwa imetimia miaka minne. Alikuwa amebadilisha mbao zilizooza, akabandika plaiwudi mpya tumboni na kuifunika kwa faiba isiyopitisha maji, akapiga msasa mpaka ncha za vidole zikakosa alama. Kabureta zote mbili alizisafisha kwa mswaki, na mkewe alipoutambua mswaki huo hapakukalika. Rangi nyekundu aliipaka mara tisa. Ilipokauka, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Na sasa, sabini.

Alianza kumtafuta mchawi kwenye injini. Akabadilisha plagi. Akafungua kabureta, akafunga, akafungua tena. Akajaribu propela tatu tofauti. Akamwita fundi wa injini za boti, mzee mwenye masikio mazuri, naye akasikiliza mngurumo huku amefumba macho, kisha akasema, "Hii ni nzima kuliko mimi na wewe. Tafuta kwingine." Fundi Saa alimsindikiza hadi getini bila kumkaribisha hata maji.

Hasira ile aliingia nayo kazini. Wateja waliokuja kuuliza saa zao walijibiwa kwa mkato, na nyumbani sahani yake ilipoa mezani kila siku. Jioni moja mkewe alitoka kuja uani, akamkuta ameinamia kabureta.

"Boti ikikohoa mara moja unaruka," alisema. "Mimi nimekohoa wiki mbili nzima humu ndani. Umesikia?"

Alikuwa hajasikia. Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa ameshaingia ndani.

Jumapili asubuhi shemeji alikuja kumrekebishia dada yake ngazi ya jiko. Alikuwa mwashi, mtu wa masihara mengi, na popote alipokwenda alibeba rula yake ndefu ya alumini, ile ya kunyooshea plasta. Alipokuwa akisubiri saruji ishike, alijiingiza chini ya boti pale ilipokuwa juu ya trela, akailaza rula tumboni, usawa wa nyuma. Kicheko chake kikakatika.

"Shemeji, hebu njoo. Chungulia hapa."

Fundi Saa alilala chali kando yake. Kati ya rula na tumbo la boti palipita mwanga. Akajaribu kuingiza kidole kidogo, kikapita bila kugusa. Yeye aliyezoea kupima kwa unene wa unywele!

"Pamebonyea," shemeji alisema taratibu. "Maji yakifika hapa yanakuta shimo, halafu huku mwisho yanakuta mbao imeshuka. Yanainyanyua nyuma. Sasa pua itakwenda wapi? Si itazama?"

"Iliundwa hivyo."

"Haikuundwa hivyo. Stuli ya nyuma uliyoiwekea ilikuwa wapi?"

Fundi Saa alikumbuka. Stuli ile aliisogeza mbele mwenyewe, mwaka ule wa kwanza, ili apate upenyo wa kupita na sanduku la vifaa. Injini nzito ikaning'inia nyuma yake, stuli ikasukuma tumbo kuelekea ndani, na plaiwudi mpya ikakubali. Kisha akaja yeye na faiba yake na rangi yake mara tisa, akalifunga kosa humo humo, akaling'arisha.

Alitoka chini ya boti, akarusha spana ukutani.

"Nani alikwambia upime? Umekuja kujenga ngazi, jenga ngazi! Au nenda zako!"

Shemeji alimtazama. Akafuta rula kwa kiganja, akaondoka, ngazi ikiwa nusu.

Mchana kutwa Fundi Saa aliketi juu ya ndoo, ameshika tama, akiitazama ile rangi. Mkewe alipita kuanua nguo mara mbili bila kumsemesha. Alasiri alisimama, akatembea hadi nyumba ya tatu barabarani, akabisha.

"Nimekuja kuazima rula," alisema.

"Rula haiazimwi," shemeji akajibu kutoka ndani. "Inakuja na mwenyewe."

"Basi njoo naye. Mwambie nilikosea."

Waliishusha injini, wakaita majirani watano, wakaipindua boti chali. Fundi Saa mwenyewe alishika mashine ya msasa. Ilipogusa ile nyekundu, vumbi likampanda mpaka kwenye kope, naye akaendelea huku akisonya kila hatua, hadi mbao ikaonekana. Kazi ilimla miezi mitatu mingine. Kila asubuhi, kabla hajagusa chochote, alimpelekea mkewe chai chumbani kwanza.

Siku ya kuijaribu, aliyeketi kando yake alikuwa mkewe, na shemeji alibaki ufukweni. Boti ilipita sabini kana kwamba haikuwahi kuijua. Themanini. Tisini. Pua ikatulia, mtandio wa mkewe ukachomoka ukaruka ziwani, naye akapiga kelele za furaha ambazo mumewe hakuwahi kuzisikia.

Mshale ukasimama kwenye tisini na nne.

Fundi Saa aliukodolea macho. Akaugonga kwa kidole. Tisini na nne. Akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," mkewe alisema.

Akaufunga, kwa shida kubwa.