Pumzi Mdomoni mwa Bomba

Kazini walimwita Pua, na jina lilimkaa: alinusa kila kitu, kwake hata salamu ilikuwa na jambo nyuma yake. Alikuwa fundi wa mashine ya leza inayopima hewa ya ukaa. Bomba jembamba lilivuta hewa kutoka juu ya paa hadi ndani ya mashine, mwanga wa leza ukapita katikati yake, na kadiri mwanga ulivyomezwa ndivyo ukaa ulivyokuwa mwingi.

Siku hizi, kila mchana mlinzi alipopanda kukagua mdomo wa bomba, mstari kwenye skrini uliota kilima. Na mlinzi mwenyewe ni mjomba wake, ndiye aliyepiga magoti kumwombea Pua kazi hapo.

"Mzee wako anavuta sigara huko juu," mkuu wa kituo alisema. "Akikiri, nampa onyo. Nikikosa maelezo leo, namwondoa."

Kikulacho ki nguoni mwako, Pua aliwaza. Akaona haya kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza. Mjomba aliapa kuacha sigara mkewe alipofariki, lakini kiapo cha mvutaji nani asiyekijua?

Ila leza ya pili, ile inayonusa gesi ya moshi, ilitulia tuli. Basi si sigara, ni pumzi ya mtu. Hapo wasiwasi ukazidi badala ya kupungua. Ukikaribia bomba, unakaa upande ambao upepo hautapeleka pumzi yako mdomoni mwake, tena unaibana. Mjomba ndiye aliyewafundisha wageni wote sheria hiyo. Kwa nini basi alipumulie bomba, na kila wiki kwa muda mrefu zaidi? Ana mtu huko? Au kuna anayemtuma aharibu vipimo?

Pua akavua viatu, akapanda ngazi akinyata.

Mjomba alikuwa peke yake. Alikuwa amekumbatia nguzo iliyofungiwa bomba, mdomo wazi, midomo imepauka, anahema.

"Mjomba! Tangu lini?"

"Napumzika tu, mwanangu. Hizi ngazi, sijui nani anaziongeza." Akajaribu kucheka, kicheko kikakatikia njiani. "Pumzi naibana, haibaniki."

Pua aliumia. Wiki zote hizo alimwona mjomba wake akiishiwa pumzi kwenye skrini, naye akawa anamtafutia kosa.

Simu ya Pua ikaita. "Ni sigara?" mkuu aliuliza.

"Sema ndiyo," mjomba alinong'ona. "Mvutaji anaonywa. Mlinzi mgonjwa nani anamtaka?"

Pua alimtazama. "Si sigara, mkuu. Mjomba anaumwa. Tunaomba gari la hospitali sasa hivi."

"Umenimaliza," mjomba alisema taratibu.

Walipoanza kushuka, mjomba aliusukuma mkono wa Pua. Kabla ya kufika chini akautafuta mwenyewe, akaushika kwa nguvu, bado hataki kumtazama.