Samaki wa Ijumaa

Ijumaa hiyo ya Kwaresima, mwaka 1996, zamu ya kuwalisha wanajumuiya baada ya Njia ya Msalaba iliangukia nyumba ya mama Stefania. Nyama ni mwiko, kwa hiyo mwanawe Tadei alitumwa mtoni kutafuta samaki. Alirudi mapema mno. Akalitua beseni lililofurika mbele ya Bernadetha, mke wa kaka yake, akasubiri kupigiwa vigelegele.

Bernadetha akachakura ndani. Perege wa kiganja, vifaranga vya urefu wa kidole, kambale mwenye mayai, na chini kabisa vyura wawili.

"Tadei, ni wavu gani huu unaovua mpaka vyura?"

"Bahati tu, shemeji."

"Bahati hiyo umeinunua duka la pembejeo?"

Tadei akacheka. "Dawa ya wadudu wa pamba, kidogo tu. Tena kwenye kijito kule juu. Maji yanatembea, yatajisafisha."

"Yanatembea kwenda wapi? Si huku chini watu wanakochota ya kunywa?"

Mama Stefania akatokeza kichwa jikoni. "Watoe utumbo, wakaange sana, sumu itakwisha. Miaka yote tunakula hivyo."

"Ndiyo maana perege wa kujaza sahani siku hizi tunawasimulia tu, mama."

"Sasa katekista atakula nini?"

"Wali na kisamvu."

"Kisamvu! Katekista!"

"Ni Kwaresima, mama. Kwani anakuja harusini?"

Mama mkwe akashika kiuno. Wanawake wa jumuiya watamsema, alilalamika, watamsema mpaka Pasaka na baada ya Pasaka. Hilo lilikuwa kweli, na Bernadetha alilijua; wangemsema na yeye, mkwe asiyejua kupokea wageni. Akakitazama kisu cha samaki kilicholala kando ya beseni.

"Basi msigombane," Tadei akasema. "Msipowala, nawapeleka stesheni. Abiria wa treni hawaulizi maswali."

Bernadetha akalinyanyua beseni, akaelekea chooni.

"Shemeji! Una wazimu?"

Wanajumuiya walikuwa wameshafika uani na msalaba wao. Wimbo ukakatika katikati. Wakasimama wakitazama samaki wakimiminwa shimoni, hadi wa mwisho.

"Tumsifu Yesu Kristo," katekista akasema taratibu.

"Milele, amina. Karibuni," Bernadetha akajibu, beseni tupu kiunoni. "Leo ni kisamvu. Sababu waulizeni hawa wawili. Mimi nimechoka kueleza."