Kitambaa Chekundu cha Tangi la Tatu

…au alisuuza, alisuuza bwana, mtu hawezi kusahau kitu kama hicho, maji mara tatu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndivyo anavyofanya kila wiki tangu Thomas aache ualimu akafungua kiwanda hiki kidogo cha bia hapa Gitega, mkono wenyewe unaijua kazi, basi na Alhamisi ile alisuuza, sivyo, Adventina, hebu sema kweli… alikuwa anajiuliza hivyo huku ameishika glasi mbele ya kifua, imejaa, povu limesimama, na watu watano wanamtazama mdomo. “Bon,” Thomas alikuwa anasema, kwa sauti yake ile ya darasani, “hii ndiyo ile bia yetu ya nguvu, Mama Jovina, asilimia saba na nusu, uchungu yake inatoka kwa maua ya hopsi, hatuweke kitu ingine,” na Mama Jovina, mwenye hoteli tatu kule Bujumbura, akaitikia kwa kichwa, mkono wake umelala karibu na glasi yake lakini hauigusi, na wenzake wawili aliokuja nao vivyo hivyo, na Thomas mwenyewe vivyo hivyo, maana hapa mtu hanyanyui kinywaji kabla aliyekipika hajakionja mbele ya macho yake, gusogongera, ndivyo wanavyoita, unakunywa wewe kwanza ili wageni wajue hujawatilia sumu, na aliyeipika hii ni yeye. Sumu. Looh, neno lenyewe lilimkaukia mdomoni. Akafanya anachofanya siku zote, akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha, mwonjaji anaruhusiwa kuchelewa, watu hudhani ni ufundi, rangi kwanza, bia hii hutoka rangi ya asali, leo mbona imekolea, imeelekea chai ya rangi, au ni wingu limepita huko nje, hapana, jua linawaka, ni bia… akaizungusha, akaingiza pua, ganda la chungwa, lipo, majani ya mkaratusi uliyoyafikicha kiganjani, yapo, utomvu, upo, na chini yake kuna nini, kuna kitu kimelala chini yake, kama nguo zilizolowekwa tangu jana, au ni jasho lake mwenyewe, maana linamtoka hadi mgongoni, na ubaya wa bia kali ni huo, uchungu ule wanaousifia unaweza kufunika kitu chochote, hata kostiki.

Kostiki, punje nyeupe tu, ukiziona utasema chumvi, unaziyeyusha kwenye maji ya moto unaoshea matangi, uchafu hauachi, na ngozi haiachi, na kule Muyinga, Adventina alipokuwa amepanga chumba kwa Latifa, dada yake huyu Riziki wanayefanya naye kazi, Latifa alikuwa anapikia sabuni uani, na mtoto wake Faridi, miaka minne, akakuta chupa ya soda yenye maji ya kostiki imewekwa chini, akapiga funda moja… moja tu jamani, na ile sauti aliyoitoa Adventina anaisikia mpaka leo, koo likajishika lote, mwaka mzima mtoto analishwa kwa mpira wa tumboni, sasa ana miaka tisa na bado anakula uji. Riziki yuko pale mlangoni, kofia yake nyeupe, mikono nyuma, ndiye anayehamisha bia na kuosha sakafu, haonji, hajawahi kuonja, aliambiwa na baba yake kazi fanya lakini kinywani usitie, na ndiye aliyeleta habari ya kitambaa, siku yake ya kwanza kabisa, “Mi siwezi kuonja, Adventina, we unajua, basi tuwekeane alama, tangi ikiwa na kostiki ndani funga kitambaa nyekundu kwa bomba, ukishamaliza kusuuza, toa, mi nikikuta haina kitambaa najaza, nikikuta iko nayo, wallahi sigusi,” na hawajakosea hata mara moja, miaka miwili… Na Jumapili aliporudi kutoka kumuuguza mama yake Muyinga, Riziki akamwambia vizuri tu, anafuta mikono, “Tangi ya tatu nilikuta haina kitambaa, nikajaza Ijumaa, mama anaendelea aje?” na yeye akajibu mama hajambo, akaenda kulala, hakufikiria kitu, mpaka leo asubuhi, mpaka dakika hii glasi imekuja mkononi na rangi yake imekataa. Basi kitambaa alikitoa yeye, hilo halina ubishi, na kitambaa hakitoki kabla ya maji ya tatu, kwa hiyo alisuuza, kwisha, kunywa mama, wageni wanangoja. “Adventina,” Thomas alisema, anacheka kidogo, “onja basi, batu bametoka mbali,” na yeye akasema, “Naisikiliza kwanza,” wakacheka, Mama Jovina naye akacheka, “Ah, huyu ni fundi kweli!” Fundi. Rudi nyuma, fundi, anza Alhamisi, saa tisa, alimwaga kostiki yote ikatoka, hilo analiona, mvuke ulimpanda usoni, akafungua maji… umeme ukakatika. Ndiyo. Pampu ikanyamaza, maji yakakoma kabla hayajaanza, ikabaki ile iliyoganda ukutani mwa tangi na ile inayojikusanya chini, kwenye shingo ya bomba, ambayo ndiyo itakayotoka kwanza, na hizi glasi tano ndizo za kwanza… kisha simu. Simu ya kaka yake Josephat kutoka Butihinda, mama ameanguka shambani, tunampeleka hospitali Muyinga, njoo. Na baada ya simu? Umeme ulirudi? Alingoja urudi? Anaona pikipiki, anaona mgongo wa dereva, anaona gari la Muyinga likijaa, lakini maji, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, hayaoni, kila akiyatafuta anaona ya wiki nyingine.

Basi aseme. Aseme tu, ngoja kidogo, sina uhakika na tangi… mbele ya Mama Jovina? Mpishi wa kinywaji anakataa kinywaji chake mwenyewe? Wee! Anamkumbuka mzee Elikana wa Butihinda, walipotoka kambini Tanzania na mabegi yao, Adventina ana miaka kumi na minane na nchi yake haijui hata kwa picha, Elikana alikuwa analima shamba lao, akawaita wapatane, akaleta mtungi wa pombe ya ndizi na mirija, na bibi yake Adventina akakaa tu, mikono mapajani, anamngoja, na Elikana akainama kwenye mrija, akasita, akauachia, “Jino,” alisema, “jino linaniuma,” na kweli kesho yake shavu lilivimba kama limewekwa embe, kilima kizima waliliona shavu, na hakuna hata mmoja aliyekunywa tena kwake, harusi ya binti yake watu walikwenda na chupa zao mifukoni, mpaka anazikwa anaitwa mwenye sumu, kwa jino! Na yeye je, aliyekulia kambini, ambaye mpaka leo sokoni wakimsikia Kiswahili chake wanamuuliza umetoka wapi, watamwitaje, na Thomas, aliyemfundisha kazi hii kutoka sifuri, kiwanda chake watakiitaje? Anaweza kujifanya. Aguse povu kwa mdomo tu, koo lipande lishuke, aseme aah… na hapo mikono yote minne itanyanyua kwa pamoja, Mama Jovina kwanza, funda kubwa, mtu wa kiu yule. Mungu wangu. Anaweza kuiangusha, ivunjike, Thomas atamimina nyingine, tangi limejaa. Akatumbukiza kidole kwenye bia, akakisugua na kidole gumba, kostiki huteleza kama sabuni, hata kidogo huteleza, na kiliteleza… au ni jasho, au ni povu, mikono haimwambii kitu. Mikono. Alhamisi mikono ilikuwa na glavu, simu inaita kwenye mfuko wa aproni, glavu zimelowa, na mtu hashiki simu kwa glavu ya kostiki, lazima azifute kwanza, na kitambaa cha kufutia kiko wapi, hakuna kitambaa pale karibu, kipo kimoja tu, kimefungwa… hapana. Hapana, hapana. Kitandani Muyinga mama yake amelala, Paskazia wa watu, amekonda, homa inamchemka, na yeye anapapasa mfukoni anapata kitambaa, anakilowesha kwa maji ya chupa, anampangusa paji la uso, na mama anageuza kichwa, “Kinaniwasha, mwanangu,” na yeye, “Ni homa, mama, tulia,” na mama tena, kwa sauti ya chini, kama anayeona haya kulalamika, “Hicho kitambaa chako kinawasha, Adventina,” na paji la uso likawa jekundu hapa mpaka hapa, na akaendelea kumpangusa. Chekundu. Kitambaa kilikuwa chekundu. Angekuwa amesuuza mara tatu, glavu zingekuwa na maji matupu.

“Adventina?” Thomas hacheki tena. Glasi bado imejaa, povu bado limesimama, jua bado lipo dirishani, hakuna kilichosogea humu ndani isipokuwa moyo wake, na ajabu, umeacha kukimbia, anaogopa, lakini sasa anajua anaogopa nini, na anaona kitu ambacho muda wote huu kilikuwa mezani mbele yake, ile mikono minne kando ya glasi nne, haigusi, inamngoja, hata angengoja mpaka jioni isingegusa, kungoja huko ndiko kunakowalinda, ndiyo maana bibi alikaa siku ile mikono mapajani, hakuwa na jeuri, wala hakuwa anamtukana mtu. Wataniita wanavyotaka kuniita. Mama, nisamehe paji lako la uso. Akainama, akaiweka glasi mezani taratibu, hata tone halikumwagika, akasema, “Sinywi,” na sauti ikamtoka ndogo, ikabidi aseme tena, “Mi sinywi, na nyinyi msinywe, tangi la tatu sikulisuuza.” Riziki mlangoni akageuka, akalitazama bomba la tangi la tatu, akajishika koo. Na Mama Jovina akauondoa mkono wake mezani.