Mashine ya Salamu Maria Kumi

Mama Klementina alitembea na funguo mbili shingoni, zimefungwa kwenye kamba moja na rozari. Mmoja wa kanisa la kigango, mmoja wa chumba cha kompyuta. Jumamosi hiyo alikifungua chumba saa mbili asubuhi, ingawa fundi alisema atafika saa nne. Alijua vizuri kwamba fundi akisema saa nne, usimtegemee kabla ya saa saba.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye radi. Wiki mbili nyuma ilipiga juu ya paa la kanisa. Antena ikapona, kanisa likapona, hata mbuzi wa Mzee Nestory aliyekuwa amejibanza ukutani akapona. Radi ikashuka na waya mpaka ndani, ikaunguza kitu kimoja tu: kadi ya mtandao, kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachopokea waya wa intaneti.

Na kigango chenyewe, tawi dogo la parokia, kiko bondeni, mbele ya kijiji cha Pito. Simu huko ni ya kusema na kusikia tu, tena mpaka upande juu ya kichuguu. Picha haipiti. Intaneti yote ya kigango inashuka na ile antena na kuishia kwenye kompyuta hiyo moja.

Ndiyo maana Klementina hakutulia. Binti yake Lucia alikuwa mnovisi, akijiandaa kuwa sista, huko Italia, na masista walikuwa wamempa nusu saa ya kuonana na mama yake kwa video, siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri. Baada ya hapo Lucia anaingia mwaka wa ukimya, hakuna simu wala barua. Ilikuwa miaka minne mama hajamtia machoni. Sauti alikuwa akiisikia. Sasa alitaka uso.

Baltazari, fundi kutoka Majengo, mjini, akafika saa saba na robo, kavaa jaketi zito, pikipiki yake imepakwa tope mpaka kwenye taa.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama."

"Milele na milele, amina. Marahaba mwanangu. Nilidhani saa yako nayo imepigwa na radi."

Baltazari akacheka. "Barabara, mama! Halafu niambie ukweli, hiyo radi yenu ni ya kawaida au ya kutumwa na wachawi?"

"Ya kawaida. Ilikuja na mvua ikanyeshea na ulezi wangu. Ya kutumwa haina huruma hiyo."

Mzee Nestory, mwenyekiti wa jumuiya ya waumini, alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni. Alikuja kusimamia kazi, maana yake alikuja kuangalia. "Mbuzi wangu tangu siku ile hataki kulala nje," akasema. "Analia kwenye mlango wangu kama mgeni."

Baltazari akafungua kompyuta, akachomoa kadi iliyoungua, akachomeka mpya kwenye nafasi ya pembeni yake. Akaingiza waya, taa ndogo ya kijani ikawaka. Akaiwasha mashine. Mashine ile ilitumia mfumo wa Linux, kwa sababu ilikuwa kuukuu na padre aliyeileta mwaka jana alisema Linux ni nyepesi. Ilipofunguka, intaneti hakuna.

Akaizima, akaiwasha. Hakuna. Akaandika maneno kwenye kioo cheusi, akasoma majibu yake, akakuna kichwa. "Kadi mashine inaiona. Programu ya kuiendesha imo. Waya mzima, taa inawaka. Sasa inataka nini?" Akaizima na kuiwasha mara ya tatu, na mara ya nne. Ikafika saa nane na dakika kumi.

"Mama, kadi hii itakuwa mbovu," akasema, akianza kufunga zipu ya jaketi. "Narudi Majengo nikachukue nyingine."

Klementina akapiga hesabu ya tope lile kwenda na kurudi. Fundi angerejea saa kumi na nusu, na Lucia angekuwa ameshaingia kwenye ukimya wake. Alisita. Yeye aliishia darasa la saba. Ataanzaje kumwelekeza fundi? Lakini mwenye kufungua mashine ile kila asubuhi alikuwa yeye, si fundi.

"Mwanangu, ngoja kidogo. Hii mashine zamani ilikuwa inafunguka kwa Salamu Maria tatu."

"Eeh?"

"Sina saa mimi. Nabonyeza, nasali. Nikimaliza ya tatu imefunguka. Leo umeiwasha mara nne na zote nimehesabu. Ni kumi. Kumi zima la rozari."

Mzee Nestory akaangua kicheko. "Mama Lucia, imezeeka hiyo! Mimi mwenyewe nilikuwa naamka kwa Salamu Maria moja, siku hizi kiuno kinataka litania nzima."

"Ingezeeka kidogo kidogo, mwenyekiti. Haiwezi kutoka tatu ikaruka mpaka kumi kwa siku moja. Tena haijikokoti kama kitu kilichochoka. Inakwenda vizuri, inasimama, halafu inakwenda tena vizuri. Kama mtu anayengoja mwenzake njiani."

Mkono wa Baltazari ukaishia katikati ya zipu. "Inasimama wapi, mama?"

"Kwenye ile picha ya duara inayotokea mwanzo. Inasimama ya pili, inaondoka ya tisa."

Fundi akavuta kiti. "Ile picha ni pazia tu," akasema. "Nyuma yake kuna maandishi. Sali tena mama, tuone."

Akaiwasha, akabonyeza kitufe, picha ikaondoka, maandishi meupe yakaanza kushuka. Klementina akasali kwa sauti. Alipofika ya pili maandishi yakasimama. Mstari mmoja tu ulibaki hai, ukihesabu sekunde.

"Kumbe!" Baltazari akapiga paja. "Inangoja kadi ya mtandao."

"Si umeshaiweka?"

"Nimeiweka mpya. Yenyewe inaingoja ile iliyoungua! Unajua, kila kadi inapewa jina kufuatana na mahali ilipokaa, na ya zamani ilikaa pengine. Humu ndani kuna faili limeandikwa jina la ya zamani. Mashine kila ikiamka inaliita jina lile, inangoja, hakuna anayeitika. Na hii mpya iko hapa hapa, imekaa, haijaitwa, basi na yenyewe imenyamaza."

Klementina akageuka taratibu, akamtazama Mzee Nestory. Mzee Nestory akatazama dari.

Kila Alhamisi, jumuiya ikikutana, Mzee Nestory hufungua daftari lake na kuita wakuu wa kaya ili kupanga zamu za kusalisha. Na kila Alhamisi huita, "Eustaki Kasimiri!" Watu hungoja. Mwishowe mtu hukohoa na kusema, "Marehemu," naye husema, "Ah, samahani," na kuendelea. Eustaki alikuwa amezikwa miaka mitatu nyuma. Mjane wake, ndiye huyu Klementina, alikuwa akikaa pale pale kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye daftari, na jina lake halijawahi kusomwa.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Mzee Nestory akauliza.

"Sijasema kitu, mwenyekiti."

"Macho yamesema."

Baltazari alikuwa ameshalifungua faili. Akafuta, akaandika, akahifadhi.

"Umebadilisha mangapi?"

"Tarakimu moja, mama. Ilikuwa mbili, nimeweka tatu."

"Tarakimu moja," Mzee Nestory akadakia, akifurahi kwamba mazungumzo yamehama, "ndiyo ulitaka kuifuata Majengo na pikipiki!"

Mashine ikawashwa mara ya sita. Moja. Mbili. Klementina alikuwa katikati ya "sasa na saa ya kufa kwetu" ya tatu ilipofunguka. Fundi akaandika mstari mfupi, na majibu yakaanza kushuka moja moja.

"Hiyo nini?"

"Nabisha hodi mbali, mama. Wananikaribisha."

Saa tisa kasoro dakika nne. Wakakodolea kioo macho wote watatu, na mbuzi wa mwenyekiti mlangoni. Kompyuta ikalia. Baltazari akabonyeza, na pale kwenye kioo akatokea Lucia, kitambaa cheupe kichwani, akicheka kabla hajasema.

"Mama! Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina. Mbona umekonda?"

"Nimeongezeka kilo nane, mama!"

"Basi hii mashine inakondesha watu."

"Mama, rudi nyuma, nakuona paji la uso tu."

Akarudi nyuma. Baltazari akachukua bakuli la ugali wa ulezi na samaki wa migebuka aliloandaliwa na mama, akatoka kwa heshima. Nusu saa ile Klementina hakuihesabu kwa kitu chochote. Mwisho Lucia akapiga magoti, uso ukashuka mpaka karibu na ukingo wa kioo, na mama akainua mkono akambariki, msalaba mkubwa, asije akakosea kipimo cha umbali.

Kioo kilipobaki kitupu aliifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akakinyoosha pembe zote nne, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Mzee Nestory alikuwa bado kwenye benchi. Daftari lilikuwa wazi magotini, na kalamu aliyoiazima kwa fundi mkononi.

"Mama Lucia," akasema, bila kuinua kichwa. "Jina lako la pili linaandikwaje?"

"Miaka thelathini jirani, mwenyekiti, hulijui?"

"Nalijua. Nataka niliandike sawasawa."

Akamtajia, herufi moja moja, polepole. Mzee Nestory akaandika.