Mwadhini Aliyekunywa Mchana

Dhahabu ikitoka haichagui watu, na mwaka ule ilipotoka Nyakunguru ilizoa wa kila namna. Lukmani, fundi seremala wa Nkende, naye akafunga karakana yake ya makabati, akamwacha mkewe Samira na watoto, akaenda kutengeneza ngazi na mbao za kuzuia kuta za maduara, yale mashimo ya dhahabu, zisiwaangukie wachimbaji. Waislamu pale walikuwa wa kuhesabika. Walijijengea msikiti wa mabati, na kwa kuwa Lukmani alijaliwa sauti, wakamfanya mwadhini wao. Hakulipwa kitu, lakini ukimwuliza yeye ni nani, angekuambia mwadhini kabla ya kukuambia fundi.

Kiu ilimwanza mwezi wa Shaabani. Si kiu hii yangu na yako ya kupozwa kwa glasi. Alimaliza ndoo na bado ulimi ukamganda, na maji yote aliyokunywa yalimtoka muda si muda, safi kama yalivyoingia. Kichwa nacho kikawa kinamgonga nyuma ya macho. Kwenye zahanati walimpima sukari, hana, malaria, hana, wakamwambia apunguze mawazo, dawa ambayo haiuzwi duka lolote. Basi akaamini kuwa ni mzima.

Na mtu mzima wa afya hana budi kufunga. Ramadhani ilipoingia alijikaza siku za kwanza mpaka jua kuzama, mbao zikimcheza machoni. Kisha mchana mmoja akajikuta amechutama nyuma ya rundo la mbao, dumu mdomoni. Alilia huku akinywa. Kesho yake akarudia. Jioni alisimama mlangoni pa msikiti kuwaita wenzake wafuturu, koo lake likiwa limeshalowa, na kila neno la adhana lilimchoma. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, ndiyo, lakini maskini Lukmani hakujua kama anaficha maradhi. Alidhani anaficha dhambi.

Yassini, muuza duka na rafiki yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyemfuma. Alifuata ubao wa rafu, akamkuta na dumu. Aligeuka, akarudi alikotoka bila ubao. Jioni ile, Lukmani akiwa bado anatawadha, alisikia adhana ikitolewa na sauti nyingine, ya puani, isiyojua kuvuta. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza. Walimwachia tu pembe nzima ya mkeka, na sahani ya futari ikawa inaishia kwa mtu wa kabla yake. Akaanza kula chumbani peke yake, mlango ameurudishia. Samira alipopiga simu kuuliza funga inaendaje, alimjibu kuwa inakwenda, akasingizia kazi, akakata.

Jirani na karakana yake ya pale machimboni alikuwako Regina, mama wa Kikurya aliyewapikia wachimbaji. Huyu aliona madumu yakiingia yamejaa na kutoka matupu. Siku moja akamwona fundi akijigonga bega kwenye mlango wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa haoni tena vya pembeni.

"Fundi, ng'ombe wetu akinywa hivi hatumwulizi dini yake," alimwambia. "Tunaita daktari. Wewe nenda Mwanza."

Akaenda. Lakini hakwenda kutafuta dawa. Alikwenda kutafuta hukumu.

Huko hospitali kubwa, daktari aliyeitwa Philomena alimpima damu, akampiga picha ya kichwa kwa MRI, kisha akamwambia kimebaki kipimo kimoja. Tangu alfajiri asinywe kitu. Benedicto, muuguzi, atakaa naye asije akaiba funda, atampima uzito na mkojo mpaka daktari aseme basi. Mtihani huo Lukmani alishaufeli. Ila safari hii alikuwa na shahidi, basi akashika chuma cha kitanda. Mchana haujafika midomo ilikuwa imepasuka, uzito unashuka, na mkojo unamtoka vilevile, mwingi na mweupe. Hakuomba maji. Daktari mwenyewe ndiye aliyekisimamisha kipimo, akamchoma sindano, akampa kikombe. Jioni mkojo ukapungua, ukapata rangi.

Philomena alimweleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya harage, na askari wa mwili wake mwenyewe wameivamia. Kikulacho ki nguoni mwako. Tezi imevimba, inabana mishipa ya macho, na ile amri ya kuziambia figo zitunze maji haitoki tena.

"Kwa hiyo si imani yangu?" Lukmani aliuliza.

"Imani haihusiki hapo, baba. Usingekunywa, ungekufa."

Alijifunika shuka usoni akalia kwa furaha. Daktari akaendelea: kuna vidonge vya kuwatuliza hao askari, na dawa ya kuyashika maji mwilini ambayo huenda akaitumia maisha yake yote. Na asifunge.

"Mwakani je?"

"Hata mwakani. Pengine usifunge tena kabisa."

Furaha ikamkatikia njiani.

Alirudi Nyakunguru Ramadhani haijaisha. Yassini alipomsikiliza alimshika mikono yote miwili, akaanza kuomba radhi, akashindwa kumaliza. Jioni wakamsukuma mbele aadhini. Aliadhini, na sauti haikumwangusha. Kisha akaketi katikati ya mkeka, bega kwa bega na wenzake, na sahani ya tende ikaanzia kwake.

Lakini alikuwa amekula mchana, amekunywa, dawa imemkaa vizuri. Hakuwa na kiu hata chembe. Wenzake walimeza funda la kwanza, macho wameyafumba, wakainua viganja na kusema kwa pamoja dua ya kufuturu: kiu imeondoka, mishipa imelowana, na thawabu imethibiti, Mungu akipenda.

Lukmani aliinua viganja pamoja nao. Midomo ikafunguka, kisha akaifunga, kwa sababu maneno yale hayakuwa yake tena. Aliwatazama wakijaza vikombe mara ya pili, na akawaonea wivu kwa kiu yao.